Mfuko wa Kizibao cha Baba Mkwe

Wapo wanaume wanaoona wivu kwa ajili ya mke, na wapo wanaouona kwa ajili ya kiwanja. Yasuhide Murase alikuwa na wivu wa mfuko. Tena si mfuko wenye hela. Ulikuwa mfuko wa kulia wa kizibao cha pamba cha baba mkwe wake, mzee Kanezo, mfuko uliopauka rangi na kulegea mshono, unaotosha kisu kimoja cha kukunja na pipi mbili za kikohozi. Kisu kilichokuwa kinalala humo hakikuwa cha Yasuhide. Kilikuwa cha Kuze.

Kwingine duniani mtu angecheka na kuendelea na chai yake. Lakini hapa ni Seki, mji ambao watu wake walikuwa wakifua panga wakati babu za wengine bado wanazikimbia, na mpaka leo mchoma mikunga wa pale kona ya stesheni ukimsifia samaki anakujibu kwa kukusifia kisu. Kumuuliza mtu wa Seki anabeba kisu cha nani ni kama kumuuliza anampenda nani. Na mzee Kanezo, aliyekuwa fundi wa visu vya kukunja mpaka ukungu ulipomwingia machoni, alikuwa na mkwe nyumbani kwake, karakana nyuma ya jiko lake, visu vikitengenezwa kutwa chini ya pua yake, na bado alibeba cha mtu wa ng'ambo ya mto.

Kuze alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mzee. Yasuhide alikuja baadaye, kufagia na kushika taa. Mji mzima ulishamwozesha Kuze kwa Chikako, binti wa pekee wa mzee, ili achukue jina la Murase na karakana yake, kama zifanyavyo nyumba zisizo na mtoto wa kiume. Kilichosahaulika ni kumuuliza Chikako. Alipoulizwa alisema, "Yule ukimpa chai anachunguza kikombe mpaka chai inapoa. Mimi atanichunguza mpaka lini?" Akamtaka Yasuhide, ambaye chai aliinywa na kuomba nyingine. Basi Yasuhide akaingia kwa kina Murase, akaacha jina la baba yake, akavaa la mkewe. Kuze akatoa maneno ambayo mafundi wenzake wanayarudia hadi leo wakishalewa: "Mwanamume akiwa na vibaba vitatu tu vya pumba za mchele, haendi kuolewa." Akafunga vifaa vyake, akavuka mto.

Huko ng'ambo akaanza kutengeneza visu vichache, polepole, kama kuku anayetaga mayai ya dhahabu na anajua. Kimoja, yen laki moja na themanini elfu, na wanunuzi wanapanga foleni. Cha Yasuhide ni elfu kumi na mbili, na wanunuzi wake ni mafundi umeme, wapanda milima na wavuvi wa mitoni. Waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakumfikiria Yasuhide, aliyezunguka na begi la visu kwenye maduka ya nyavu na ndoano hadi Nagoya.

Siku mzee alipostaafu, wote wawili walimletea zawadi ya kisu. Mzee akafungua cha Yasuhide, akakifunga, akasema, "Kizuri." Akafungua cha Kuze, akakifunga, akakifungua tena, akakifunga tena, kisha akasema, "Si kibaya."

Wewe unaweza kudhani Yasuhide alishinda. Hapana. "Kizuri" mzee alikuwa akiwaambia wateja, makasisi wa hekalu, na mtoto wa jirani aliyemchorea tembo mwenye miguu sita. "Si kibaya" ilikuwa haijawahi kumtoka. Cha Kuze kikaingia mfuko wa kizibao. Cha Yasuhide kikaingia droo ya jikoni, kukaa na raba za kufungia na vijiti vya kulia vinavyogawiwa bure dukani.

Wivu huo ungeweza kuendelea kulala kama si makaki, matunda ya rangi ya chungwa lililoiva. Novemba ile mti wa uani ulizaa mpaka ukaomba msamaha. Haya si makaki matamu ya kula hivi hivi. Ni yale machungu, ukiyang'ata mdomo unakauka kama umelamba ukuta. Dawa yake ni kuyamenya, kuyafunga kamba na kuyatundika barazani mpaka jua na upepo viyageuze sukari. Kumenya ni kazi ya mzee. Anakaa barazani, beseni huku, kikapu kule, anamenya kwa vidole kuliko kwa macho, ganda linashuka utepe mmoja bila kukatika. Na kila akimaliza tunda anakifunga kisu, kwa mazoea tu, kisha anakifungua tena.

Tap.

Ndiyo sauti kiliyokuwa kinatoa. Wala si kra, wala si klak. Tap, kama mlango wa gari la mtu asiyedaiwa. Yasuhide aliisikia kutoka karakana, juu ya tupa na mashine ya kunolea, na kila tap ilimwingia kama mwiba wa samaki.

"Laki moja na themanini elfu," alimwambia Chikako jikoni, "kwa kumenyea kaki."

"Hukulipa wewe."

"Sisemi nimelipa. Nasema kaki haliulizi bei. Kisu changu kinalimenya vilevile."

"Kama kaki haliulizi, na wewe usiulize," Chikako alisema, akisuuza mchele. "Ungekuwa wivu wa mke, ningekuonea huruma. Hili ni tunda, bwana."

"Nataka kujua tu ndani mna nini."

"Ndani ya kaki?"

"Ndani ya kisu."

"Mna kisu," Chikako akasema.

Tatizo la mtu mwenye wivu ni kwamba ukimjibu vizuri anazidi kuumwa. Yasuhide alirudi karakana akaketi, akajiambia jambo la busara kabisa: kila kitu kina gharama yake. Chuma cha Kuze ni chuma kilekile anachonunua yeye, kwa muuzaji yuleyule. Mpini ni mpingo, mti mzuri, umesafiri kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, lakini mti ni mti. Zilizobaki ni hadithi, na wateja wa Tokyo wanapenda kununua hadithi. Angekifungua mara moja tu, akaona hakuna kitu, roho ingetulia. Hakutaka kingine. Ukimuuliza mwizi wa kuku, naye atakwambia alitaka kuona manyoya tu.

Nafasi ikaja yenyewe. Gari la kliniki ya macho lilimfuata mzee asubuhi, na Chikako alikwenda naye. Mzee kila akienda mjini huacha kizibao kwenye msumari wa mlangoni, na kisu ndani yake, maana sheria haitaki mtu atembee na makali mfukoni bila sababu, na mzee alishamwambia askari mmoja kwamba sababu yake ni makaki, askari akacheka, lakini akaandika. Basi gari lilipopinda kona, kizibao kilibaki kinaning'inia pale, mfuko wa kulia umejaa kidogo, kama shavu la mtu anayeficha kitu.

Yasuhide alikitoa kisu, akakitandikia kitambaa cheupe. Akatafuta bisibisi ndogo kuliko zote. Skrubu zilitoka bila kulia, na hiyo peke yake ilimuudhi. Zake zikitoka hulia.

Akainua upande mmoja wa mpini, akaangalia, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye soksi.

Ndani mlikuwa mnang'aa. Nje kila mtu anang'arisha. Ndani ndipo fundi anapopumzika, anaacha alama za tupa, anajua hakuna jicho litakalofika. Kuze hakupumzika. Zile bati mbili za ndani, zilizofunikwa na mpingo, alizisugua mpaka Yasuhide akaona pua yake mwenyewe. Kingo za matundu alizizungusha. Hata pale chini ya kichwa cha skrubu, mahali ambapo hata skrubu yenyewe haikai kwa raha, paling'aa. Yasuhide alitafuta kosa kwa taa, akalitafuta kwa kioo cha kukuzia, akalitafuta kwa kucha. Alikuwa kama mkaguzi aliyetumwa kufunga hoteli na hakuti hata mende.

"Nani analipia mahali pasipoonekana?" alisema kwa sauti, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba kuna watu, na wamepanga foleni.

Basi akakirudisha. Pale bapa la kisu linapozungukia pana vipete viwili vya shaba, kimoja kila upande, vyembamba kama ganda la kitunguu. Vilikuwa vimeanguka kwenye kitambaa. Akavichukua, akavivisha, akafunga skrubu. Karakana kwake vipete kama hivyo vinakuja kwa mfuko kutoka kiwandani, vyote ndugu, unachota tu kama karanga. Hakufikiri mara mbili. Kwa nini afikiri?

Akafunga kisu.

Klak.

Lile gari la asiyedaiwa lilikuwa limegeuka kabati la jikoni.

Akalegeza skrubu. Kra. Akakaza. Klak. Akakaza zaidi, na bapa likaegemea upande mmoja likakwaruza bati. Ndipo alipovitoa vile vipete na kuvipima. Havikuwa pacha. Kimoja kilikuwa chembamba kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho unywele ungekionea aibu, na hata hicho kimoja hakikuwa sawa pande zote. Kuze alikuwa amekisugua kila kimoja kwa mkono, kwa msasa, mpaka kikakaa upande wake na kwa mlalo wake, kama meno ya bandia ya mtu fulani katika kinywa cha mtu fulani. Na Yasuhide alikuwa amevichota kama karanga.

Mzee haoni vizuri, lakini masikio yake yanasikia paka akibadili mawazo. Tap moja iliyokosekana ingetosha. Yasuhide akafunga kisu kwenye kitambaa, akapanda pikipiki, akavuka daraja la mto Nagara kwenda kwa mtu aliyemchukia kuliko wote.

Kuze alikuwa ameketi mbele ya jiliwa, miwani juu ya paji, na karakana yake safi kama chumba cha upasuaji. Hakuuliza hali. Alikipokea kisu, akakifungua, akakifunga mara moja.

"Umekifungua," alisema.

"Kaka Kuze, kilikuwa kinasumbua kidogo, nikaona..."

"Bwana Mkwe. Kisu changu hakisumbui. Wewe ndiye kimekusumbua."

Yasuhide akainamisha kichwa. Kwa fundi mkubwa kwake, hata amchukie, hakuwa na pengine pa kukiweka.

"Umechanganya kulia na kushoto," Kuze akaendelea, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyekuta kobe juu ya mti. "Kwako mnatumia vya mfuko, eti?"

"Vya mfuko."

"Kwa kilo, kama mbegu za kupandia?" Akachukua bisibisi. "Geuka ukutani."

"Nini?"

"Geuka, nisifundishe bure. Ungetaka kujifunza ungebaki mwanafunzi. Ulikimbilia kuolewa."

Yasuhide akageuka. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mchele, na alisimama akiisoma kama mtoto aliyeadhibiwa, huku nyuma yake skrubu zikitoka bila kulia. Kisha bisibisi ikawekwa mezani.

"Hii nini?" Kuze aliuliza.

"Sijui, sioni, nimegeuka."

"Hapa kwenye egemeo. Nyeusi. Inanata."

"Utomvu wa kaki. Mzee anamenya."

"Anamenya makaki machungu. Kwa hiki."

"Beseni zima. Kila siku."

Yasuhide alingoja tusi. Halikuja. Akachungulia juu ya bega, akamwona Kuze ameshika bapa la kisu karibu na taa, anakwangua ule utomvu kwa ukucha polepole, kama mtu anayesoma barua ya mbali.

"Unajua wateja wangu wanafanya nini?" Kuze alisema. "Wanakifungua. Wanakifunga. Wanakisikiliza. Wanakirudisha kwenye sanduku la mahameli. Kuna daktari mmoja wa Osaka anavyo saba, havijakata hata uzi. Aliniandikia kwamba anavaa glavu." Akaweka bapa chini. "Vyako vinakata nini?"

"Vyangu? Nyaya. Kamba. Samaki. Mmoja alipata ajali, akakata mkanda wa kiti cha gari, akatokea dirishani, akanunua kingine kumpa mkewe."

 Uso wa Kuze ulifanya jambo ambalo Yasuhide alilifahamu vizuri sana, kwa sababu uso wake mwenyewe ulikuwa ukilifanya kila tap iliposikika. Alikuwa hajawahi kuliona kwa nje. Halipendezi.

"Vipete hivi umevipinda kwa kukazakaza," Kuze akasema, baridi imemrudia. "Nitasugua vingine. Kesho."

"Mzee anarudi mchana huu."

"Mwambie kisu kiko kwangu."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie bwana mkwe alipata hamu," Kuze akasema, akateremsha miwani, na maongezi yakaishia hapo.

Sasa fikiria mtu anayerudi nyumbani na kizibao kinamngoja msumarini, mfuko mtupu umelala kama shavu la kibogoyo. Afanye nini? Yasuhide alifanya alichotamani kufanya kwa miaka. Akavuta droo ya jikoni, akakitoa kisu chake chini ya raba na vijiti, akakipitisha kwenye jiwe la kunolea taratibu, kama mtu anayemchana mwanawe nywele kabla ya picha, akakitia mfuko wa kulia. Kilitosha. Uzito ulikuwa karibu sawa. Alikaa akakitazama mfukoni mle kwa muda ambao ni aibu kuutaja.

Mzee alirudi macho mekundu, yametiwa matone, haoni hata mlango. Akavaa kizibao, akasogezewa beseni barazani, akatia mkono mfukoni. Chikako aliweka chai chini, akakaa. Yasuhide alisimama kwenye kizingiti cha karakana, ameshika tupa isiyokata chochote.

Kisu kikafunguka. Mzee akashika kaki, akaanza. Ganda likashuka utepe mrefu, mwembamba kuliko wa jana, unapitisha mwanga. Tunda la kwanza likaisha, na mzee hakukifunga kisu. Akachukua la pili. La tatu. Chikako akakitazama kisu, akamtazama mumewe, akainua nyusi mpaka zikakaribia nywele.

"Leo kinakata," mzee alisema.

Yasuhide akashika mlango.

"Kinakata kweli," mzee akaendelea, akigusa makali kwa kidole gumba. "Kuze amekuja kukinoa?"

 Mzee hakungoja jibu. Akamenya tunda jingine, akatikisa kichwa kwa raha. "Yule kijana ana mkono. Makali ya namna hii huyapati kwa kutafuta. Yanashika bila kung'ang'ania. Nilimwambia zamani, Kuze, ipo siku utanoa kama mtu mzima. Leo amenoa."

Basi hapo ndipo Yasuhide alipojua wivu ni mnyama wa aina gani. Kisu chake kilikuwa mfukoni. Kilikuwa mkononi mwa mzee. Kilikuwa kinasifiwa kwa maneno ambayo hakuna kisu kilichowahi kusifiwa nyumba ile, na sifa zote zilikuwa zinavuka mto, zinakwenda kwa Kuze, aliyekuwa ameketi kwake bila kunoa chochote. Angenyamaza tu, kisu chake kingebaki pale hadi kesho, na pengine mzee asingejua kamwe. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini kumwonea Kuze wivu kwa kazi ya Kuze alishazoea. Kumwonea wivu kwa kazi yake mwenyewe kulimshinda.

"Ni changu, Baba," alisema.

Mzee akasimamisha mkono. "Nini chako?"

"Kisu hicho. Makali hayo. Ni changu mimi."

Mzee akakifunga kisu, polepole, sikio limeinama.

Kra.

"Kweli," alisema. "Kelele ni zako."

Chikako akapaliwa na chai.

"Na changu kiko wapi?"

"Kwa Kaka Kuze. Nilikifungua nikashindwa kukirudisha."

"Vipete."

"Vipete," Yasuhide akakubali.

Mzee alifuta mkono kwenye kizibao. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyesikia habari za jirani. "Uliona ndani?"

"Niliona."

"Na chini ya skrubu?"

"Amepang'arisha. Mpaka pale."

"Mpumbavu yule," mzee akasema. "Nilimkataza tangu ana umri wa kunyoa kwa mara ya kwanza. Pale panakaa skrubu, nikamwambia, si bibi harusi. Watu wanalipa hela zote hizo kwa pale. Mimi singelipa nusu yake."

Yasuhide akahisi sakafu inasogea. Hilo ndilo alilokuwa akimwambia Chikako, akiliambia tupa, akiliambia dari usiku. "Basi Baba, kwa nini unakibeba?"

Mzee akafungua kisu tena, akachukua kaki, akalizungusha kutafuta kikonyo.

"Wewe nakusikia," alisema. "Asubuhi mpaka jioni, hapo nyuma. Unapiga tupa, unaangusha vitu, unajisemea. Najua leo umefanya nini hata kabla hujakaa kula. Yule hajakanyaga hapa tangu aondoke. Sina kingine cha kumsikilizia."

Likashuka ganda jingine. Chikako alikuwa ameacha kucheka. Naye Yasuhide, badala ya kupoa, alijikuta anawaza: yaani ili mtu akumbukwe hivi, inabidi ahame? Miaka yote amekaa hapa anakunywa chai, kumbe amekaa karibu mno. Alirudi karakana akapiga tupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na barazani mzee akasema, "Hiyo ni hasira, si kazi," bila kuinua kichwa.

Kesho yake, kabla ya mchana, gari dogo la mizigo lilisimama nje ya geti. Kuze alishuka amevaa shati la kutokea, kisu kimefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Alikaa muda getini akizitazama kamba za makaki zilizojaa chini ya paa, kama mgeni aliyefika hotelini. Pengine aliamini watakuwa wanamngoja. Pengine alitaka kuona mwenyewe kisu chake kinavyoingia kwenye tunda.

Alichokiona ni mzee ameketi barazani, maganda mpaka magotini, anamenya kwa kisu cha elfu kumi na mbili.

"Mwalimu," Kuze alisema, akainama kabisa. "Nimekileta."

"Sauti imenenepa," mzee akasema. "Weka hapo. Nimalize matunda ya tawi hili."

"Lakini hiki kiko tayari, Mwalimu. Nimekisafisha. Unaweza kukitumia sasa hivi."

"Hiki pia kiko tayari. Kaa."

Kuze akakaa ukingoni mwa baraza. Yasuhide alimletea chai mwenyewe, na alihakikisha anapita polepole kati yake na lile beseni ili aone vizuri. Kuze hakuigusa chai. Alikuwa anatazama makali ya kisu cha Yasuhide yakienda, ganda likishuka linapitisha mwanga, na kile kitu usoni mwake kilikuwa kimerudi na mizigo yake yote.

"Pembe gani hiyo umenolea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya kukatia," Yasuhide akasema.

Chikako alitoka na kikapu kingine, akakitua mapajani mwa mgeni kabla hajakataa. "Hapa anayekaa anamenya, Kaka Kuze. Hata kasisi akija anamenya. Kisu unacho."

Kuze akafungua hariri. Akafungua kisu chake, kikatoa ile sauti tamu ya kufunguka, na Yasuhide akameza mate. Kisha Kuze akashika kaki, akalitazama pande zote kama anavyotazama kikombe, akaweka makali.

Inaonekana ukitengeneza visu vya watu wanaovaa glavu, kuna mambo hujifunzi. Maji ya kaki yalishuka kwenye mpingo uliong'arishwa, mpini ukateleza kama sabuni, na ganda likatoka nene, fupi, lenye nyama. Likaanguka sakafuni: pu. La pili likaanguka: pu.

"Nani anatupa chakula?" mzee akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kishike karibu na bapa. Si kalamu hiyo." Mzee akasikiliza kidogo. Pu. "Mkono huo huo ulinitengenezea kisu?"

Masikio ya Kuze yakawa rangi ya makaki. Yasuhide alitazama mti, alitazama paa, alitazama kila kitu ambacho hakingemchekesha. Kuze alimenya matatu kwa shida, la nne nusu, kisha akafuta vidole kwenye hariri yake nzuri na kunyoosha mkono.

"Mwalimu, nipe hicho nijaribu kidogo."

"Hiki kina mtu," mzee akasema, akaendelea kumenya.

Tawi likaisha. Mzee akaomba kile cha Kuze, kikafutwa, akapewa. Akakifunga.

Tap.

Akakaa nacho sikioni, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama upande wa mto. Hakuna aliyetikisa kikombe. Kisha akakitia mfuko wa kulia wa kizibao, akaupigapiga kwa kiganja, na Yasuhide akahisi ule mwiba wa samaki unarudi mahali pake, haujapungua hata kidogo. Cha Yasuhide mzee alikisuuza katika beseni, akakiacha kwenye sinia, wazi, kimeloa, cheusi kwa utomvu.

"Hiki kibaki hapa," alisema. "Jirani kanipa na mti wake, kesho tunaanza. Kikirudi droo, nitajua."

Kuze aliaga. Yasuhide alimsindikiza mpaka getini, kwa adabu, mikono mfukoni. Kuze akaingia ndani ya gari, akawasha, akakaa na injini ikinguruma. Kidole chake gumba kilikuwa cheusi kwa utomvu wa kaki, na alikuwa anakisugua bila kujua. Hatimaye akateremsha kioo.

"Huo mti wa jirani," alisema, akitazama barabara. "Una matunda mengi?"

"Matawi yameinama mpaka ukutani," Yasuhide akamjibu. "Sijui kama tutamaliza kabla ya mwaka mpya."

Kuze akapandisha kioo, akaondoa gari kwa gia isiyo yake, likakoroma hadi darajani.